Sala Fupi ya Baba

Wiki hii mafundi wamekuja kupiga lipu ukuta wa nyuma wa chumba cha kufulia, kwenye hoteli ndogo ya Mji Mkongwe ninakofanya kazi. Mimi ndiye mkubwa wa pale, nina wasichana watatu chini yangu, na mashuka hayamsubiri mtu. Nilikuwa nimeshajipanga kuwagombeza kwa vumbi lao. Mmoja akafunua pipa la chokaa iliyolowekwa, harufu ikanijia, ile ya jiwe lililorowa, yenye ukali unaopanda puani, na mimi mtu mzima mwenye watoto wawili nikasikia njaa. Si njaa ya kawaida. Ilikuwa njaa ya kumngojea Baba amalize kusali.

Niseme mapema, ili asije mtu akadhani naandika kwa machozi: sala ya jioni ya nyumbani kwetu ilinikera. Nawasikia wenzangu wa rika langu wakisimulia sala za utotoni kwa sauti laini, taa ya chemni, mama anaimba, watoto wamefumba macho. Kwetu mimi macho nilikuwa nayafumba kwa hasira.

Baba alikuwa fundi mwashi wa majumba ya zamani, yale ya mawe ya matumbawe na chokaa. Tulikaa chumba kimoja cha kupanga ghorofa ya pili, Mkunazini, watu wanne: Baba, Mama, mimi na mdogo wangu Paulina. Babu zetu walitoka bara, sisi ni Wakristo, na majirani zetu karibu wote Waislamu. Kwa hiyo Baba hakuanza sala mpaka adhana ya magharibi imalizike. Alisema si adabu kumkata kauli mtu anayewaita watu kwa Mungu. Hilo sina neno nalo. Lakini adhana ikiisha, wenzetu walikwenda msikitini, wakasali, wakarudi, wakala, watoto wao wakatoka kukaa barazani, na sisi bado tuko mkekani, na Baba kwenye kusimulia siku yake hajafika hata adhuhuri.

Maana hakusali kama watu. Alikuwa anamweleza Mungu kazi. "Ee Mungu, leo asubuhi nilichanganya chokaa, maji nikazidisha kidogo, nikaongeza mchanga. Nashukuru ule mchanga ulikuwa mzuri. Ukuta wa mashariki nilikwangua mpaka jiweni, nikakuta umeoza chini, dirishani." Na kadhalika, na kadhalika. Mungu aliyeyaumba matumbawe yenyewe alikuwa anafundishwa kuchanganya chokaa. Chakula kiko mbele yetu juu ya sinia, kimefunikwa kawa, na harufu ya muhogo wa nazi na papa inapenya kwenye ukili na kuja moja kwa moja kwangu. Paulina alishagundua dawa yake: alilala. Mimi nilikuwa mkubwa, miaka tisa, nilitakiwa nisikilize.

Baada ya Baba alifuata Mama, ambaye alifua na kupiga pasi kwenye nyumba za watu, na Mungu ambariki, alikuwa na maneno machache. Halafu mimi. Kila mtu alikuwa na maswali matatu ya kujibu, Baba aliyapata kwa baba yake na hakukubali yapunguzwe hata moja. Leo nimefanya kazi gani? Katika kazi hiyo nimemkosea nani? Kesho asubuhi nakwenda kwa nani? Kazi yangu mimi ilikuwa shule, kuosha vyombo, na kupandisha maji. Mfereji ulikuwa mmoja chini uani, wa nyumba nzima, na kutoka pale hadi chumbani kwetu ni ngazi thelathini na moja. Nazijua kwa sababu nilizihesabu kila siku nikiwa na ndoo kichwani.

Swali lililonitesa ni la tatu. Baba hakukubali kosa lenye mwenyewe liishie mkekani. Ukimtaja mtu, kesho asubuhi, kabla ya kazi, lazima uende kwake ukamwambie. Safari moja, kwa ujinga wangu, nilisema nimemcheka Bi Saumu, mama aliyeuza maandazi kwenye kona yetu, kwa namna anavyotembea. Asubuhi Baba akanisimamisha mbele yake.

"Shikamoo, Bi Saumu."

"Marahaba, mwanangu. Mangapi leo?"

"Sikuja kununua. Nimekuja kukwambia jana nilikucheka."

Bi Saumu akaniangalia, koleo mkononi. "Ulinicheka nini?"

Hapo sasa. Mwenyewe alikuwa hajui lolote, amekaa na mafuta yake, ana raha zake, na mimi ikabidi nimweleze. Nilimweleza. Mpaka nimeingia sekondari hakunipa tena lile andazi la juu, la nyongeza.

Tangu siku ile nikajifunza kuleta makosa yasiyo na mwenyewe. "Ee Mungu, leo nilikuwa mvivu." "Ee Mungu, leo mawazo yangu hayakuwa darasani." Baba alikuwa ananitazama kwa jicho moja lililofunguka nusu, lakini hakuwa na pa kunipeleka. Na kila Jumapili kanisani, wakati wa kimya, nilikuwa naomba ombi langu mwenyewe, moja tu, sibadilishi: Ee Mungu, ifupishe sala ya Baba.

Mwaka ule Baba alikuwa anakarabati nyumba ya Bi Mwanaidi, mjane mmoja wa makamo aliyekaa peke yake kwenye nyumba ya marehemu mumewe, vichochoro viwili kutoka kwetu. Kilibaki chumba chake cha kulala, ukuta mrefu wa upande wa kitanda. Na wakati huohuo ikaja habari ya Matemwe. Kuna hoteli ilikuwa inajengwa kule, mwenyewe anataka kuta za chokaa kama za mjini, na msimamizi alimwambia Baba kwamba kama atafika Jumatatu ile, yeye ndiye atakayekuwa mkubwa wa mafundi wote, kazi ya mwaka mzima au zaidi. Baba alikuwa hajawahi kuwa mkubwa wa mtu yeyote isipokuwa sisi. Mama alishakwenda Kikwajuni kutazama nyumba: vyumba viwili, na jikoni kuna mfereji wa ndani. Nilikwenda naye. Niliufungua, maji yakatoka, nikaufunga. Nikaufungua tena. Mama aliniacha. Tulikubaliana na mwenye nyumba kwamba tutahamia mwisho wa mwezi, Baba akishaanza Matemwe.

Na wiki hiyohiyo dua yangu ikajibiwa.

Jioni ya kwanza Baba alikaa mkekani, akasema, "Ee Mungu, leo nimefanya kazi. Asante. Amina." Mama akafumbua macho. Mimi sikuuliza, nilisema uvivu wangu upesi upesi na tukala chakula kikiwa bado cha moto, nafikiri kwa mara ya kwanza katika maisha yangu. Jioni ya pili, vilevile. Ya tatu, vilevile. Muhogo una moshi, mchuzi haujaganda, na mimi nilijiona mtu mwenye njia yake kwa Mungu. Niliona Mama hali vizuri. Niliona Baba anazitazama sana ile mikono yake iliyopasukapasuka kwa chokaa, na kwamba hakutaka nimpake mafuta ya nazi kama kawaida yetu. Niliyaona yote na sikuyapa maana yoyote. Nilijua ni uchovu, watu wakubwa wanachoka.

Jioni ya nne ilikuwa Ijumaa. Jumatatu Baba anakwenda Matemwe. Akasema maneno yake manne akatia amina, Mama akasema yake, ikafika zamu yangu. Na mimi nilikuwa nimelelewa vizuri, nimefundishwa kwamba ukipewa ushukuru. Basi nikashukuru, kwa sauti, nikiwa nimefumba macho kwa moyo safi kabisa. "Na nakushukuru, ee Mungu, kwa kuifupisha sala ya Baba kama nilivyokuomba."

Nilipofumbua macho mkono wa Baba ulikuwa tayari umeshika kawa. Haukuinua. Akaurudisha magotini.

"Kumbe uliomba," alisema.

"Ndiyo, Baba."

Nilidhani atanigombeza. Akafumba macho tena, na safari hii sauti yake ilikuwa ndogo, mpaka Mama akamsogelea. "Ee Mungu, Jumanne nilikuwa na ukuta wa Bi Mwanaidi. Chokaa niliyoiloweka shimoni ilikuwa bado haijaiva, ilitaka wiki tatu zaidi. Mimi nilikuwa na haraka ya Matemwe. Nilipiga saruji. Ukuta mzima, toka chini mpaka juu. Halafu juu yake nikapaka chokaa nyembamba, isijulikane. Bi Mwanaidi amekuja akatazama, akaniambia mikono yangu ina baraka. Nikaitikia."

Kwa asiyejua, hilo ni dogo. Lakini mimi ni mtoto wa fundi, nilijua. Ukuta wa matumbawe unataka kupumua. Ukiufunga kwa saruji, maji na chumvi vinabaki ndani, jiwe linaoza taratibu, lipu inatuna, na siku moja, baada ya mvua za masika tatu au nne, inaanguka kipande kizima na mawe yake. Na kitanda cha Bi Mwanaidi kilikuwa chini yake.

"Nimemkosea Bi Mwanaidi," Baba alisema. "Kesho asubuhi nakwenda kwake."

"Simoni," Mama alisema taratibu. "Na Matemwe?"

"Nnajua."

"Kubomoa peke yake ni wiki. Na chokaa kuingoja."

"Nnajua, mama Tekla."

Mimi ndiye Tekla. Na mimi, ambaye nilikuwa nimeshauona ule mfereji kwa macho yangu na kuushika kwa mkono wangu, sikuweza kuvumilia. Sijawahi kumpandishia Baba sauti kabla ya siku ile. "Lakini si ushamwambia Mungu? Ushamwambia, ameshasikia. Bi Mwanaidi ana haja gani ya kuambiwa? Hata hajui!"

Baba hakukasirika, na hilo ndilo lililozidi kunikasirisha. "Mungu halali chini ya ukuta ule," alisema. "Anayelala pale ni Bi Mwanaidi."

Kisha akainua kawa. Muhogo ulikuwa umeshapoa, nazi imeganda pembeni. Nikala kwa uchungu, huku nikijua kwamba maneno yangu mwenyewe ndiyo yaliyotuponza. Ningenyamaza, ningesema uvivu wangu kama siku zote, Jumatatu angepanda gari akaenda Matemwe.

Asubuhi akanichukua. Ilikuwa Jumamosi, hakuna shule, na sijui hata leo alinichukua kwa nini. Labda alijua asipokuwa na shahidi miguu itamrudisha. Bi Mwanaidi alikuwa uani kwake amekaa juu ya kibao, anapeta mchele kwenye ungo. Alifurahi kutuona.

"Karibu, fundi. Umemleta mtoto aone kazi ya baba yake?"

Baba akamwambia. Alisimama wima akamwambia yote, tena kwa mpangilio uleule wa mkekani, toka shimo la chokaa mpaka ile baraka aliyoiitikia. Ungo ukasimama. Nilidhani, kwa sababu ndivyo hadithi za kanisani zilivyokwisha, kwamba Bi Mwanaidi ataguswa, atalia kidogo, atasema fundi wewe ni mtu mwema, nenda zako Matemwe, ukuta utangoja.

"Sasa unakuja kunambia nini?" alisema. "Mimi nshasogeza kitanda. Nshapanga vitu vyangu. Nshawaambia watu mji mzima fundi Simoni hana mfano wake. Ntarudi kuwaambia nini?"

"Nisamehe, Bi."

"Kusamehe baadaye. Ukuta wangu lini?"

"Naanza leo."

"Basi anza. Na vumbi lako usiniingizie kwenye nguo, na chai yangu usiingoje."

Akarudi kwenye mchele wake. Baba akavua shati, akachukua tindo na nyundo, akaingia chumbani. Nilimsaidia kuburura kitanda, kisha nikakaa kizingitini. Saruji ilikuwa imeshakamata. Ilitoka vipande vidogo vidogo, kila kipande kwa mapigo kadhaa, na kila pigo mimi nilikuwa nauona mfereji wa Kikwajuni unakwenda zake.

Ilimchukua wiki kubomoa na karibu mwezi kungoja chokaa iive na kupiga upya. Siku ya tano Bi Mwanaidi alimpa chai, bila sukari. Matemwe alikwenda fundi mwengine, ambaye Baba mwenyewe ndiye aliyemtaja alipoulizwa. Nyumba ya Kikwajuni ikachukuliwa na watu wengine. Nilipita pale mara moja na Mama, nikamsikia mtoto ndani amefungua maji na anaimba, nikakataa kuipita njia ile tena. Nilipandisha ndoo ngazi thelathini na moja kwa miaka mingine sita. Na sala ya Baba ikarudi kuwa ndefu kama zamani, mchanga wake, maji yake, dirisha lake la mashariki. Nilikuwa nangoja nione kama angalau Mungu atatufidia na kazi nyengine nzuri. Hakutufidia. Ilikuwa kazi ya ukuta baada ya ukuta, mpaka mgongo ukamkataa.

Baba sasa hayupo. Sikuwahi kumwambia kwamba nimemwelewa, kwa sababu kwa kweli nilikuwa sijamwelewa. Nilikuwa nimemkasirikia tu kwa muda mrefu mpaka hasira ikawa mazoea. Bi Mwanaidi alikufa kwa uzee, kitandani kwake, chini ya ukuta uleule. Hilo nalijua kwa sababu Mama alikwenda matangani na kurudi akanieleza, na nilikuwa na haraka, sikumsikiliza vizuri.

Nyumbani kwangu nimeiendeleza sala ya jioni, nikiapa kwamba haitapita dakika tano. Mume wangu yuko Pemba kikazi, kwa hiyo mara nyingi ni mimi na wanangu wawili, Neema na Yohana, na maswali ni yaleyale matatu, kwa sababu sijui mengine.

Sasa niseme kilichotokea, maana nimezunguka vya kutosha na mafundi na chokaa. Jumatatu, siku ileile walipokuja mafundi, nilikuwa napiga pasi gauni la mgeni, la hariri, wakaniita niwaoneshe ukuta. Nikaiacha pasi ikiwa imelala juu yake. Niliporudi kulikuwa na alama ya kahawia mgongoni, ukubwa wa kiganja. Nikalikunja nikaliweka mezani kwa Riziki, msichana wangu mpya, mtoto wa watu wa Jambiani. Sikusema ni yeye. Nililiweka tu. Msimamizi alipokuja kuuliza, gauni lilikuwa mezani kwake, na mimi nikawa natazama mashuka. Riziki alisema si yeye, akanitazama mimi nimsemee. Akaambiwa akakae kwao mpaka aitwe. Alikusanya vitu vyake kwenye begi lake dogo, akaniaga kwa heshima, "Haya, dada Tekla, kwaheri," nami nikamwitikia.

Jana ilikuwa Alhamisi. Nimepika wali na mchuzi wa kolekole, nimefunika, tumekaa. Nikasema yangu, Yohana akasema yake. Neema ana miaka minane. Akafumba macho akasema, "Na asante Mungu, siku hizi sala ya Mama ni fupi, tunakula cha moto."

Mkono wangu ulikuwa umeshashika kawa.

Sitasema nilisikia sauti wala kuona mtu. Nilichosikia ni ghadhabu, ile ya nilipokuwa na miaka tisa. Nilitaka kusema, Baba, hata huko uliko huniachi nikala. Nikaurudisha mkono.

"Kaeni," niliwaambia.

"Mama, tushasema amina," Yohana alilalamika.

"Nnajua. Kaeni."

Nikaanza upya, toka pasi. Nilitaja hariri, nilitaja meza, nilitaja begi. Ilikuwa ndefu. Nilipofika swali la tatu nikasema kesho asubuhi nakwenda Jambiani kwa Riziki, kabla ya kazi, halafu nitarudi naye mpaka kwa msimamizi. Na nikajua nitachelewa, kama kazi yenyewe bado itakuwa yangu.

Neema alikuwa ananitazama, midomo imekaza, na niliijua sura ile kabla hajasema neno. "Lazima uende mpaka Jambiani? Si umeshamwambia Mungu?"

Nilitaka kumkaripia. Nikamwambia Mungu hakurudishwa kwao na begi lake, aliyerudishwa ni Riziki. Alikunja uso, akasema wali umeshapoa. Nikainua kawa, tukala hivyohivyo.